Njia ni ya Nani?

Kila siku ya kazi, jua likiisha kuchomoza, mji wetu wa Bunia waanza kujaa. Watu watoka Mudzipela, watoka Lumumba na Saio, watoka Yambi Yaya, watoka Bankoko na Simbilyabo. Wengine waenda kwa miguu, wengine kwa baiskeli, wengi sana juu ya pikipiki za kukodi, na wachache ndani ya magari yao. Karibu wote waelekea upande mmoja: Boulevard de la Libération, soko kuu, benki, maduka na ofisi. Hapo hapo yaja malori yenye mizigo ya Mahagi na ya Kasenyi. Punde si punde honi zalia kila upande, pikipiki zasukumana, na mama mwenye beseni kichwani na mtoto mgongoni hana hata pa kuweka mguu wake.

Mambo hayo yakitokea, kila mtu ana dawa yake. Mmoja asema: "Serikali ipanue barabara!" Mwingine asema: "Pikipiki zifukuzwe!" Wa tatu asema: "Wanaouza vitu kando ya njia waondolewe!" Wachache mno huuliza swali linalotangulia hayo yote, nalo ni swali la haki: Njia ni ya nani? Ikiwa ni ya wote, je, kila mtu aweza kuitumia jinsi apendavyo na saa apendayo? Na mwenye mamlaka akisema, "Saa hii usipite hapa," je, amenidhulumu? Twapenda kulifikiri swali hili pamoja nanyi, maana katika Ituri si swali dogo. Sisi ni watu tunaojua maana ya kufungiwa njia.

Msongamano watoka wapi?

Bunia ulianza kama kituo kidogo cha wakati wa Wabelgiji, na njia zake za kwanza zilipimwa kwa watu wachache. Tangu mwaka 2015 ni mji mkuu wa jimbo la Ituri, na kazi nyingi za serikali zimekusanyika hapa. Tena vita vimeleta watu. Walikuja wakati wa mapigano ya miaka 1999 hadi 2003, na tangu Desemba 2017, machafuko yalipoanza upya katika Djugu, maelfu kwa maelfu wamekimbilia mjini. Mkulima aliyekimbia hakuja na shamba lake. Kijijini alikuwa na chakula nyuma ya nyumba. Mjini hana budi kutoka kila asubuhi kutafuta kibarua au kuuza kitu kidogo sokoni. Basi tusiseme upesi kwamba watu wanazurura. Wengi wanaojaza njia wanatafuta chakula cha jioni.

Hata hivyo, wingi wa watu peke yake si msongamano. Kama mvua ya mwaka mzima ingenyesha siku moja tu, mto Nyamukau ungefurika na kuchukua nyumba zetu. Lakini mvua ile ile ikigawanyika katika miezi yake, mto waibeba bila shida. Vivyo hivyo na njia. Msongamano hutokea watu wanapotaka mahali pamoja, saa moja, na kwa vyombo vinavyokula nafasi nyingi.

Neno hili la nafasi ni kubwa. Wapimaji wa miji huko Marekani wamehesabu kwamba sehemu ya njia yenye upana wa mita 3 hivi, ikitumiwa na magari ya watu binafsi mjini, hupitisha watu 600 hadi 1,600 tu kwa saa moja. Sehemu iyo hiyo ikiachwa kwa waendao kwa miguu, yaweza kupitisha 8,000 au zaidi. Kwa hiyo mtu mmoja ndani ya gari kubwa amechukua fungu la wengi, ingawa hakumwibia mtu kitu mfukoni. Naye akichelewa hulalamika: "Leo njia imejaa watu!" Hafikiri kwamba kwa yule aliye nyuma yake, yeye ndiye anayeijaza.

Hapa ndipo safari inapokuwa jambo la maadili. Nikilima shamba langu vibaya, hasara ya kwanza ni yangu. Lakini nikiingia njiani saa ya msongamano bila lazima, nachukua dakika za mtu nisiyemjua: za mwalimu anayengojewa na watoto hamsini, na za mwanamke mwenye uchungu anayepelekwa hospitali juu ya pikipiki. Dakika hizo hazirudi.

Je, kupanua njia kunatosha?

Twakubali kwamba njia mbovu yapaswa kutengenezwa. Shimo moja katikati ya barabara huzuia magari mia, na bonde la matope laweza kufunga mtaa mzima. Lakini kupanua tu hakumalizi shida. Jirani zetu wa Kenya walijenga barabara kubwa kutoka Nairobi hadi Thika, karibu kilomita 50, nayo ilifunguliwa Novemba 2012. Ni kazi nzuri, yenye sehemu nyingi kwa safu. Lakini haikupita miaka mingi, magari yakawa yanapanga tena mstari asubuhi na jioni. Sababu yake yaeleweka. Njia ikiwa nyepesi, aliyekuwa akikaa nyumbani atoka, aliyekuwa akipanda basi anunua gari, na aliyejenga karibu ahamia mbali. Nafasi mpya yajaa kama ile ya kwanza.

Ndiyo sababu tangu zamani watawala wenye akili walijaribu njia nyingine: kutuliza safari zenyewe, yaani kupanga nani apite, saa gani na kwa chombo gani. Karibu mwaka 45 kabla ya Kristo, kwa sheria inayohesabiwa kuwa ya Yulio Kaisari, mikokoteni ilikatazwa kupita ndani ya Roma tangu jua kuchomoza hadi saa kumi. Warumi walihesabu saa za mchana tangu mapambazuko, kama Kiswahili kinavyohesabu, basi saa kumi yao yakaribia yetu. Walioachiwa ni wachache, kama wale waliobeba vifaa vya kujenga mahekalu. Mchana watembeao kwa miguu walipata nafuu. Lakini usiku magurudumu yalinguruma chini ya madirisha, na mshairi Juvenali aliandika baadaye kwamba maskini wa Roma walikuwa wakifa kwa kukosa usingizi, maana kulala vizuri kulihitaji fedha nyingi. Tulishike somo hili: mzigo uliondolewa mabegani mwa wengine ukawekwa mabegani mwa maskini.

Katika siku zetu, mji wa Singapore uliamuru mwaka 1975 kwamba gari dogo likitaka kuingia katikati ya mji asubuhi lilipe. Lakini gari lenye watu wanne au zaidi halikulipa, wala basi halikulipa. Aliyewachukua wenzake alipewa heshima. London ulianza kutoza magari Februari 2003, paundi 5 kwa siku, na sheria ikaagiza mapato yatumike kwa usafiri. Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, ulifanya jaribio tangu Januari hadi Julai 2006. Magari yaliyoingia katikati yakapungua kwa sehemu moja ya tano hivi. Kisha wakaaji wa mji wakaulizwa kwa kura mwezi wa Septemba. Kabla ya jaribio wengi walikataa. Walipoona wenyewe faida yake, walio wengi mjini wakakubali.

Si kila jaribio lililofaulu. Tarehe 3 Desemba 2018, Nairobi ulikataza matatu kuingia katikati ya mji. Matatu ndiyo magari ya watu wa kawaida. Magari ya watu binafsi, yenye mtu mmoja mmoja, yaliendelea kuingia. Siku ile wazee, wagonjwa na wamama wenye mizigo walitembea mwendo mrefu, na kelele ya watu ikawa kubwa hata amri ikasimamishwa mara. Twaona kosa lake: waliokula nafasi ndogo ndio walioambiwa watoke, na waliokula nafasi kubwa wakaachwa.

Amri ya haki na kizuizi cha dhuluma

Sasa twafika penye ugumu. Mtu wa Ituri atatuambia: "Ninyi mwasema njia ipangwe, wengine wangoje, wengine walipe. Lakini sisi tumechoka na vizuizi! Mwaka 2003 tulikaa katika mji mmoja, na mtu wa mtaa huu hakuweza kukanyaga mtaa ule. Watu wakalala chini ya mahema karibu na uwanja wa ndege na karibu na kambi ya Umoja wa Mataifa. Na hata baadaye, kila penye kamba iliyovutwa kati ya miti miwili tulitoa fedha bila kupewa hata karatasi. Uhuru wa kutembea tumeununua kwa damu. Mwataka turudi nyuma?"

Neno hili ni la kweli, nasi hatulidharau. Asiyelijibu vizuri hana haki ya kushauri lolote juu ya njia za Bunia. Lakini tulitazame vizuri. Je, kila anayenisimamisha njiani ni adui yangu?

Tukumbuke ugonjwa wa Ebola ulioshika Kivu ya Kaskazini na Ituri tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020. Watu 2,287 walikufa. Siku zile tulisimamishwa barabarani; tulinawa mikono, tulipimwa joto la mwili, ndipo tukapita. Wapo walionung'unika, na wapo waliokataa kwa kuwa hawakuwaamini waliowasimamisha. Lakini wengi walikubali. Kwa nini? Kwa sababu walijua sababu yake, waliona kwamba mkubwa na mdogo wote wananawa, na hakuna aliyejaza mfuko wake kwa maji yale. Basi sisi wenyewe tumeshaonja vizuizi vya namna mbili, nasi twajua kwamba si kitu kimoja.

Mtakatifu Toma wa Akwino alitupa kipimo cha kuvitenga. Alifundisha kwamba sheria ni agizo la akili, kwa ajili ya manufaa ya wote, litolewalo na yule mwenye kuwatunza watu, tena lililotangazwa. Akaongeza kwamba hata kama nia ni njema, mizigo ikigawanywa bila usawa, sheria hiyo yapotoka katika haki. Tupime basi. Kamba ya mwenye bunduki si agizo la akili, bali la tamaa. Manufaa yake ni ya mmoja. Aliyeivuta hakukabidhiwa kuwatunza watu. Haikutangazwa popote, na bei yake yabadilika kwa kadiri ya woga wa msafiri. Imeanguka mara nne. Ile amri ya Nairobi ilikuwa na mwenye mamlaka, nayo ilitangazwa. Ilianguka katika kugawanya mzigo.

Tukitumia kipimo hiki twapata kanuni rahisi, hata mtoto wa katekisimu aweza kuishika. Kwanza, aanze kutoa nafasi yule achukuaye nafasi kubwa na mwenye njia nyingine ya kwenda. Asianze yule asiye na njia nyingine. Pili, vitu visogezwe karibu na watu kabla ya watu kukatazwa kuvifuata vitu. Tatu, fedha ikitozwa, iwe na karatasi, na irudi njiani mbele ya macho ya watu. Nne, watu waulizwe. Pasipo kuaminiana, hata amri njema yafanana na kamba ya mnyang'anyi.

Tufanye nini Bunia?

Wenye kazi ya kuongoza mji wanayo mengi ya kufikiri. Soko zuri katika mtaa, lenye paa, choo na usalama, laondoa safari nyingi kuliko polisi wengi barabarani, kwa kuwa mama aliyepata chumvi na samaki karibu haji mjini kwa ajili ya chumvi na samaki. Ofisi ndogo ya kulipia kodi au kuandikisha mtoto aliyezaliwa, ikiwa mtaani, yaondoa nyingine. Shule, ofisi na maduka yakifunguliwa kwa saa zinazopishana kidogo, mto wa watu wagawanyika. Malori yaweza kushusha mizigo alfajiri badala ya saa mbili asubuhi. Lakini hapa tuwe waangalifu: dereva asilazimishwe kusafiri usiku kutoka Komanda au Mahagi, ambako njia imekula watu wengi. Saa ya kushusha ndani ya mji ipangwe, asiguswe usalama wake. Na wakaaji wa karibu waulizwe, yasiwapate yale ya maskini wa Roma.

Juu ya vijana wa pikipiki twasema neno moja. Ni rahisi kuwalaumu, na kweli wako wanaopita bila kutazama mtu. Lakini wengi ni vijana ambao vita viliwanyima shule na shamba, na pikipiki ndiyo jembe lao. Tena ndizo zinazotupeleka hospitali usiku. Kuwafukuza ni kuongeza njaa. Kuwapa mahali pa kusimama, kuwapa zamu na kuwataka watii ni haki. Nao wanaouza kando ya njia, kabla ya kuondolewa, waonyeshwe kwanza mahali pengine ambapo wanunuzi wapita. Mtu haondolewi penye mkate wake na kuelekezwa penye nyasi.

Lakini tusiwaachie wakubwa kazi yote. Kila mmoja wetu, kabla ya kutoka, ajiulize maswali matatu: Safari hii ni ya lazima? Ni lazima saa hii? Ni lazima kwa chombo hiki? Mwenye gari aliye jirani na walimu watatu waendao shule moja awachukue. Mwenye simu aweza kumaliza kwa maneno matatu shauri ambalo zamani lilitaka mwendo wa nusu siku. Mwenye kwenda karibu atembee, ikiwa ana nguvu. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alionya juu ya magari mengi ya watu wachache yanayojaza miji, akaonyesha haja ya kutanguliza usafiri wa wengi. Na tangu mwaka 2007 Roma ilikuwa imeshatoa mashauri kwa watumiao barabara, kuwakumbusha kwamba barabarani nako upendo wa jirani haupumziki.

Nasi wa parokia tunayo sehemu yetu. Msafara wa arusi, wenye magari kumi na pikipiki thelathini, ukizunguka Boulevard na kusimama katikati ili watu wapigwe picha, wafurahisha familia mbili na kufunga njia ya mji mzima. Furaha ya arusi ni takatifu; kumfungia mgonjwa njia si sehemu ya furaha hiyo. Mikutano ya vyama vyetu yaweza kuwekwa katika jumuiya za mitaani, si lazima yote iwe mjini. Siku za sikukuu kubwa, mitaa yaweza kufika kwa zamu. Tukifanya hivyo bila kuamriwa, tutaweza kusema na wenye mamlaka bila kuona haya.

Mwingine atasema: "Nikingoja mimi, mwingine atapita mahali pangu, kungoja kwangu kutafaa nini?" Wazee walisema, mtaka yote hukosa yote. Njia ambayo kila mtu aitaka yote, saa ile ile, hakuna aipitaye. Na anayeanza kujinyima hapungukiwi, kwa maana ametenda haki hata kama jirani yake bado hajajifunza. Tena haki yaambukiza, pole pole, kama ubaya unavyoambukiza upesi.

Basi turudi kwenye swali letu. Njia ni ya wote. Kwa kuwa ni ya wote, mwenye bunduki hana ruhusa ya kuifunga, wala mwenye amri hana ruhusa ya kuiondoa kwa maskini na kuwaachia matajiri. Lakini kwa sababu iyo hiyo, mimi nami sina ruhusa ya kuijaza bila kuwafikiri wenzangu. Watu wa Ituri wamelia sana kwa ajili ya njia zilizofungwa na watu wabaya. Yafaa sasa tujifunze kuzifungua sisi kwa sisi, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi ya kupita.